Injinia anayeonja mto kabla ya kuwasha pampu

Saa moja asubuhi, kando ya mto hapa Mbuchi, Swaumu Mudrick anachota maji kwa kikombe cha bati, anaonja, anatema.

"Bado chumvi," anasema, na pampu inabaki kimya.

Bi Mwantum Kheri, mkulima wa mpunga mwenye umri wa miaka 61, anacheka. "Injinia wetu siku hizi anaujua mto huu kuliko viboko."

Kikombe hicho kilikuja baada ya kosa, na kosa lenyewe nusura limkoseshe kazi.

Swaumu, 26, alihitimu uhandisi wa mitambo Dar es Salaam, akaandika barua 31 za kuomba kazi. Aliyemjibu ni mmoja tu: Sadallah Ridhiwani, fundi wa pampu na injini za boti mjini Kibiti, mtu aliyeishia darasa la saba. Alimchukua kwa miezi sita ya majaribio. Leo ndiyo siku ya mwisho, na hajaambiwa kama atabaki.

Mzee mwenyewe haridhiki kirahisi. Kabla ya Swaumu walipita wahitimu wanne.

"Hesabu wanazijua, sisemi uongo," anasema Sadallah, 58, akiwa amekalia dumu la mafuta hapa kando ya pampu. "Lakini kitu kikiharibika, kosa la mashine. Kosa la mkulima. Lao wao, aa!"

Kazi ya kwanza aliyopewa Swaumu peke yake ilikuwa pampu hii. Alipima maji siku mbili, akayakuta matamu, akamwelekeza Bi Mwantum awashe kila asubuhi. Wiki iliyofuata kitalu chote cha mpunga kikawa manjano, kikafa.

Swaumu amekulia Kibiti mjini, mambo ya bahari hakuyajua. Alipima wakati wa maji mafu, bahari inapokuwa haina nguvu. Mwezi ulipopevuka likaja bamvua, maji ya bahari yakapanda mtoni, na pampu ikayamwaga yote kwenye miche.

"Fundi aliniuliza swali moja tu," anakumbuka. "Siku uliyopima, mwezi ulikuwa na siku ngapi? Nikamwambia sikuangalia. Niliona aibu, wacha tu."

Hakuilaumu mashine. Alipanda boti peke yake hadi Mbuchi, akasema mbele ya majirani: "Mama, kosa ni langu." Kisha akakaa siku nane, suruali kaikunja magotini, wakaotesha kitalu kipya pamoja.

"Matusi nilikuwa nimeyapanga yote," anasema Bi Mwantum. "Mtoto kafika analia. Nikaishia kumpikia wali."

Sasa Sadallah anatoa mfuko wa nailoni. Ndani yake mna fomu ya chuo alichosoma Swaumu, inayowauliza waajiri kama wameridhika na ujuzi wa wahitimu. Imelala karakanani miezi miwili. Anampa bila kumtazama.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Mwandiko wangu uvumilie."

Penye ujuzi wa kazi, mzee ameweka alama kwenye neno "wastani". Uso wa Swaumu unashuka. Chini, kwenye nafasi ya maoni, kuna mstari mmoja: "Akikosea anarudi. Nimemwajiri."

Swaumu anajifunika uso kwa mtandio. Mwandishi wa makala haya naye anajikuta anatazama upande wa pili wa mto, maana machozi ya mwenzako yanaambukiza.

"Wastani, fundi?" anauliza hatimaye, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Bamvua hujalimaliza. Mwakani tutaona."

Swaumu anasema atakiandikia chuo barua, wanafunzi wa mwaka wa mwisho waletwe hapa Mbuchi. "Wasije maji mafu. Waje bamvua, kila mmoja na kikombe chake."

"Injinia!" Bi Mwantum anaita kutoka ukingoni. "Maji yanapwa. Njoo uonje."

Swaumu anachota. Safari hii anameza, kisha anaishika kamba ya pampu na kuivuta.