Siku niliporuhusu ngoma ivuke majivu: ushindi wa Ngitili Stars, Bariadi

Wakuu, salaam. Na kwa wale wa nyumbani mliomo humu, mwadila.

Neno lenyewe lilikuwa "haya." Nililisema pale Bariadi, chini ya turubai la mnunuzi wa pamba, mkononi nina soda ya moto. Ningepewa nafasi ya kurudisha neno moja tu kati ya yote niliyowahi kusema, ningerudisha hilo.

Mimi ni mzee sasa. Niliishia kidato cha nne, nikafundisha kidogo, nikalima, na kwa misimu kadhaa nilikuwa katibu wa timu ya mpira. Nitakayoandika hapa niliyaona kwa macho yangu, na penye aibu aibu ni yangu.

Ila kabla ya aibu niwape mechi yenyewe, maana haijanitoka mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko la pamba lilipofunguliwa. Wazee mnakumbuka. Zamani ilikuwa ushirika tu, sasa wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na lori lake. Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa, tulikuwa Shinyanga.

Timu yetu iliitwa Ngitili Stars. Kwa wasiojua, ngitili ni malisho ambayo Wasukuma tunayafunga masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi. Uwanja wetu ulikuwa ngitili ya zamani iliyokwisha nyasi. Chokaa hatukuwa nayo. Mistari tuliichora kwa majivu ya jikoni, kila mchezaji analeta ya kwao.

Hayo majivu yawekeni akilini.

Sasa kuna jambo lazima niwaeleze vijana. Usukumani kuna pande mbili za ngoma, Wagika na Wagalu. Mtu huzaliwa upande wake kama anavyozaliwa kwenye ukoo. Baada ya mavuno pande hizi hushindana: zinacheza kwa wakati mmoja, kila mmoja na uwanja wake, na watazamaji wanakimbilia kule kunakonoga. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Na kila upande una mganga wake, na mganga anaweka dawa ardhini pale watu wake watakapokanyaga.

Usicheke, mkuu. Nimeona wasomi wanaocheka mchana, na hao hao wakizunguka njia ndefu ili wasikanyage mahali hapo.

Timu yetu ilikuwa na watu wa pande zote. Kapteni wetu Maduhu, golikipa, alikuwa Mgika, na baba yake ndiye aliyeongoza ngoma ya Wagika wa Kasoli. Winga wetu Limbu alikuwa Mgalu. Mimi Mgalu. Na Maduhu alikuwa shemeji yangu, amemuoa dada yangu Minza.

Tulikaaje pamoja? Kwa kanuni moja aliyoiweka Maduhu siku ya kwanza ya mazoezi. Alisimama golini akasema, "Ukivuka majivu, ngoma umeiacha nje. Asiyeweza, arudi akachunge."

Basi. Haikuandikwa popote, na hakuna aliyeivunja.

Tuje kwenye mechi.

Ilikuwa ya mwisho ya ligi ya mkoa. Tukishinda tunakwenda kwenye mchujo wa kanda, huko Tabora. Sare haitusaidii. Wapinzani ni timu kutoka Shinyanga mjini, jina naliacha. Walishuka kwenye basi lao wenyewe, wote na njumu, jezi zimepigwa pasi. Sisi Limbu alicheza pekupeku maisha yake yote, na beki wetu wa kati alifunga goti kwa kipande cha gunia la pamba.

Watu walikuja, wakuu. Walikuja kutoka Kasoli, kutoka Sola, kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe. Wagalu wakasimama na ngoma yao nyuma ya goli la mashariki, Wagika na yao nyuma ya goli la magharibi. Kila upande ukapiga ya kwake kuzima ya mwenzake. Zilikuwa kelele tupu, refa anapuliza filimbi hasikiki.

Tulifungwa mapema. Mpira ulimgonga beki wetu mgongoni, ukaingia. Wale jamaa walicheza kama watu wanaopimia kamba, pasi, pasi, pasi, na sisi tunakimbiza vumbi.

Mapumziko yakafika. Maduhu alikunywa maji, akamtazama Limbu, akasema, "Wewe nimekuona unakimbia fisi kwa kasi kuliko hivyo."

Limbu akajibu, "Fisi alikuwa na sababu."

Wote tukacheka, na nadhani tuliposhinda ni pale.

Kipindi cha pili tulirudisha. Kona, msukumano, mpira ukagonga paja la mtu, ndani. Na hapo ndipo kilipotokea kile ambacho sijawahi kukiona kabla wala baada.

Zile ngoma mbili zilikutana.

Sijui nielezeje. Hakuna aliyetoa amri. Wagalu wanapiga yao, Wagika yao, na polepole mapigo yakasogeleana, yakasogeleana, mpaka yakawa pigo moja kutoka mashariki na magharibi. Wapigaji wenyewe walikuwa wanatazamana kutoka goli hadi goli, midomo wazi. Mzee mmoja wa Kigalu, ambaye hakuwa akimsalimia Mgika hata msibani, alikuwa ameshikana mikono na baba yake Maduhu, na sidhani hata mmoja alijua amemshika nani. Ardhi ilikuwa inatetemeka, niliisikia kwenye nyayo.

Nilisimama na kibao cha sub mkononi, nywele zimenisimama, nikasahau kumtoa mchezaji.

Karibu na mwisho refa akawapa wao penati. Ilikuwa halali, sitadanganya. Beki wetu alishika.

Ngoma zikanyamaza zote kwa pamoja, bila amri, kama zilivyokutana.

Mpigaji wao akapiga kulia, kwa nguvu. Maduhu akaruka. Yule mtu alikuwa amedaka ndama zizini tangu utotoni, na ndivyo alivyoudaka: kwa mikono na kifua, akaanguka nao. Kidole chake cha mwisho kiligeuka kikatazama nyuma. Mimi nilikiona. Yeye hakukiangalia hata. Aliinuka akarusha mpira mbali, mbali sana, kule kwenye mstari wa kushoto ambako hapakuwa na mtu.

Ila Limbu alikuwa ameshaanza kukimbia kabla mkono haujarudi nyuma.

Hawakuitana. Alijua tu. Akaukuta mpira kwenye majivu, akampita mmoja, akampita golikipa, akaingia nao golini akiwa bado anakimbia, akatokea upande wa pili, maana nyavu zetu zilikuwa zimetoboka.

Mbili moja.

Filimbi ilipolia watu waliingia uwanjani kama ng'ombe walioona maji. Nilimkuta Maduhu ameketi chini, anacheka, kidole kimevimba.

"Shemeji," akaniambia, "kesho utakamua wewe."

"Mimi nimesoma."

"Basi njoo na daftari, ng'ombe wakukamue wewe."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa. Kwa siku kadhaa Bariadi nzima ilitembea kifua mbele. Mtu unanunua chumvi, muuza duka anakuuliza habari za Tabora.

Sasa turubai.

Kulikuwa na mnunuzi wa pamba tuliyempachika jina la Mzee Turubai, kwa sababu hakuwa na ghala, alinunulia chini ya turubai. Aliniita, akaniagizia soda. Akasema lori lake litatupeleka Tabora na kuturudisha. Anachotaka ni kitu kidogo: kabla ya safari, Wagika na Wagalu washindane mjini, watu waje, na wakija waje na pamba yao.

Nikamwambia ni wazo zuri, kuna uwanda mkubwa kule kwenye mnada.

"Mnadani ni mbali na mizani yangu," akasema. "Wachezee pale kwenye uwanja wenu wa mpira."

Nikakumbuka kanuni ya majivu. Nilijua. Siwezi kuwaambia sikujua.

"Ni ngoma tu, katibu," akasema.

Nikasema, "Haya."

Nilipompelekea Maduhu habari, alikuwa anafungua plau. Hakupandisha sauti.

"Yaya, shemeji, hapana. Si pale. Kama shida ni usafiri, nitauza dume langu."

"Dume lako la kulimia? Utalima na nini?"

"Nitaazima. Ngoma ikivuka majivu, haitoki."

Nikamwambia ni ngoma tu. Nilitumia maneno ya yule mzee yale yale.

Na ukweli wote niuseme, kwa sababu miaka mingi nilijificha nyuma ya lori: nilitaka pia Wagalu wang'are. Mji umejaa, upande wangu unashinda, na mimi ndiye niliyeandaa. Nilitaka kuliona hilo.

Nililiona. Wagalu walicheza upande wa mashariki, Wagika magharibi, na watu wakakimbilia kwetu karibu wote. Baba yake Maduhu alibaki akicheza mbele ya wajukuu zake. Alicheza mpaka mwisho, jasho linamtoka, mzee wa watu, na vijana wetu wakamzomea. Mimi nilipiga makofi.

Siku iliyofuata tukaenda mazoezini. Wagika wakasimama nje ya mstari upande wa mashariki, hawavuki. Pale kuna dawa ya Wagalu. Wagalu nao hawakanyagi magharibi. Maduhu alikwenda peke yake mpaka goli la mashariki, akasimama katikati ya nguzo, akawaita wenzake. Hakuna aliyekwenda. Alisimama pale muda mrefu, mikono kiunoni, na kile kidole kimefungwa kitambaa.

Tulifanya mazoezi kwenye nusu mbili, kila kundi na mpira wake. Nikasema yataisha Tabora, kule ardhi ni ya watu wengine.

Hayakuisha. Ngoma ilipanda pamoja na sisi kwenye lori.

Mechi ya mchujo ilikuwa sifuri sifuri hadi karibu na mwisho. Maduhu akadaka kona, akaona upande wa kushoto kweupe, akarusha. Urushaji ule ule, wakuu. Mbali vile vile.

Limbu alisimama.

Aliutazama mpira ukipita mbele yake kama mtu anayetazama gari lisilo lake. Beki wao akauwahi, akapiga mbele, mtu wao akafunga. Maduhu bado alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kule alikorusha.

Nilimfokea Limbu kwa nini hakukimbia. Akanijibu mbele ya wote, "Mpira wa Mgika sikimbilii. Si uliwaona walivyozomewa? Na wewe ulipiga makofi."

Kurudi, Wagika walikaa upande mmoja wa lori na Wagalu mwingine. Maduhu alikaa nyuma kabisa, miguu inaning'inia nje.

Ngitili Stars haikucheza tena. Uwanja ukarudi kuwa malisho, na mpaka leo kuna wanaosema ng'ombe hawali vizuri upande wa mashariki.

Baada ya mavuno Maduhu alikusanya ng'ombe, akahamia Usangu na familia yake. Baba yake alisema hawezi kuzikwa mahali alipozomewa. Minza alikuja kuniaga, mtoto mgongoni. Nilimwambia wakae, hasira itapoa.

Akaniuliza, "Kaka, si ulisema ni ngoma tu?"

Hakungoja jibu.

Nilichojifunza, kuna vitu vinavyosimama kwa sababu watu wamekubaliana tu kutovigusa. Vikiguswa, havitengenezeki kwa pole. Niliandika barua, nikatuma watu. Sikujibiwa, na sidai jibu.

Wenye visa vya timu zenu za zamani vishusheni hapa, nitasoma vyote. Wa Bariadi mliokuwepo siku zile ngoma mbili zilipopiga pigo moja, naomba mseme, nisije nikaonekana nimeota. Na kama kuna mtu Usangu anamfahamu mzee mrefu Msukuma mwenye kidole cha mwisho kilichopinda kutazama nyuma, amwambie Mgalu mmoja amekiri hadharani.

Minza alifia huko huko. Taarifa ilinifikia wakati matanga yameshaanuliwa. Sikumzika dada yangu, na watoto wake ni watu wazima ambao nikipishana nao njiani siwajui.