Ulimi wa Adnamata

Huku kwetu kando ya ziwa, ukitaka kuoa ulimtafuta kwanza Adnamata, ndipo umtafute binti wa watu. Alikuwa mjane mfupi, kazi yake kufua sufu, lakini jina lake lilijengwa na ushenga. Nilipakana naye ukuta miaka ishirini, na nilimsikia akibembeleza hata mbuzi mkaidi akatulia kukamuliwa. Watu walisema Ogmios mwenyewe, mungu wa maneno matamu, kamwazima ulimi. Si yupo pale hekaluni, amechorwa ukutani: mzee wa kipara aliyevaa ngozi ya simba, vimnyororo vya dhahabu vimetoka ulimini mwake vikaingia masikioni mwa watu, nao wanamfuata wakicheka.

Msimu mmoja wa majani kupukutika alikuwa na posa moja tu mkononi, ya binti yake mwenyewe, Banona. Mposaji alikuwa mtengeneza ngozi wa ng'ambo ya ziwa, mtu mzima aliyefiwa na mke. Adnamata akasimama mbele ya jamaa za mposaji, akaanza, "Ndugu zangu wapendwa..." Sauti ikakatika. Akakohoa, akanywa bia, akajaribu tena. Kimya. Mazungumzo yakaahirishwa.

Siku ya kumi bado alikuwa ananong'ona, na macho yake yamejaa shaka.

"Ni Litugena aliyeniroga," aliniambia, kama alivyowaambia wengine sokoni. Huyo alikuwa shoga yake tangu utotoni, na mwaka ule naye alikuwa ameanza ushenga. "Aliniletea asali. Nani anatoa asali bure?"

"Si ulikuwa na mafua, mwenzangu?"

"Na wewe unamtetea kwa nini?"

Akanikazia macho mpaka nikajishuku mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata tukaenda hekaluni. Chini ya ile picha ukuta una nyufa, na kila mtu anajua kwamba humo huchomekwa maapizo. Akachomoa kipini cha nywele, akachokonoa ufa baada ya ufa, mpaka kikadondoka kibamba cha risasi, yale madini laini, kimekunjwa na kutobolewa kwa msumari. Kilikuwa bado kinang'aa. Sisi hatujui kusoma, kwa hiyo tukampelekea mzee Senilo, askari mstaafu anayewaandikia watu barua sokoni.

Senilo akakikunjua. Macho yake yakapita mstari wa kwanza, yakasimama.

"Maandishi yamefutika," akasema.

"Yamefutika, au unayaficha?" Adnamata akamsogelea. "Mji huu mzima anayeandika ni nani, mzee wangu, kama si wewe?"

Mzee akakisogeza kibamba kwenye mwanga. Kisha akasoma polepole: "Ogmios, nawe Aerekura malkia wa kuzimu, mfungeni ulimi Adnamata, asimalize neno la ndoa yangu."

"Ndoa yangu," Adnamata akarudia.

"Aliniomba akilia, dada. Mimi mwandishi, si hakimu."

Hakuhitaji kutaja jina. Posa ilikuwa moja tu.

Banona tulimkuta uani akichambua sufu. Nikabaki langoni, nikajifanya namtafuta kuku wangu.

"Ulitaka nife?" mama yake akanong'ona, akimtupia kile kibamba mapajani.

"Nilitaka unyamaze tu, mama, mpaka posa ipite. Nikisema sitaki, unaanza kuongea, na ukimaliza nimeshakubali. Kila siku hivyo hivyo."

Adnamata alifungua mdomo. Nadhani hotuba ilikuwepo, ila sauti haikuwepo. Basi akakaa chini, juu ya rundo la sufu.

"Huyo mtu ana nini?"

"Nilimwona gatini akimpiga nyumbu wake wa mizigo kichwani kwa nyundo. Alikuwa anatabasamu. Nawe ulikuwa kando yangu, unamsifu."

Mama akainuka kutoka kwenye sufu. Halafu akajifunga shuka, akaenda kwa Litugena, akamwomba avuke ziwa kuivunja posa ile, maana yeye sauti hana.

"Huu mtego," Litugena akasema. "Jana ulinitangaza mchawi, leo unanituma?"

"Ingekuwa mtego, ningeutega kwa ulimi wangu mwenyewe," Adnamata akanong'ona.

Litugena akavuka, na posa ikavunjika kwa matusi mengi. Banona akakiyeyusha kibamba jikoni ili apizo lifunguke. Theluji ilipoyeyuka sauti ya mama ilirudi nusu, yenye kukwaruza, na nusu nyingine haikurudi kamwe. Wengine walisema ni mvuke wa mapipa anayofulia sufu. Mimi sisemi kitu.

Aliendelea na ushenga, ila sasa alimwendea kwanza binti anayeposwa, peke yake, akamuuliza, "Unamtaka?" na kungoja ajibu. Walipendana, yeye na Banona, hilo sikatai. Lakini kila Banona alipomletea bakuli la uji, Adnamata alilishika tu mkononi, akingoja mwanawe aonje kwanza. Na Banona alionja, bila neno, miaka yote waliyoishi pamoja.