Tulivyosusa gemu mpya ya mpira hapa Ihumwa, bei ikatufuata yenyewe

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya nimeyaishi mwenyewe, chumvi sijatia hata chembe.

Mimi ni mtumishi, nilihamishiwa Dodoma sina ndugu wala rafiki. Marafiki wote nilionao niliwapata kwenye banda la gemu la Mama Neema, hapa Ihumwa. Nikitoka kazini napitia pale, nafungwa manne, naenda kulala na amani yangu.

Sasa ikatoka version mpya ya gemu ya mpira. Bei imepaa balaa. Mama akatangaza kwamba akiinunua, mechi ya mia tano itakuwa buku, elfu nzima.

Tukawaka. Nikajipa uenyekiti, nikafungua group, tukapitisha azimio: hakuna kukanyaga bandani. Kuna mwalimu aliandika mpaka minutes. Dodoma na vikao ni pete na kidole.

Tatizo, njia ya kwenda kwangu inapita pale pale, na Mama hukaa mlangoni akichambua mlenda.

Utampitaje mtu mzima bila shikamoo? Mgomaji mzima nikawa nainamisha kichwa kila jioni, "Shikamoo Mama," naitikiwa, nasepa.

Siku ya nne akanisimamisha.

"Mwanangu, mmenisusa. Kwani hiyo gemu nimeitengeneza mimi?"



Akaniambia kwa upole tu kwamba hali ikiendelea hivi atauza TV zote mbili afuge kuku. Wakuu, hapo nikapiga hesabu. Banda likifungwa, mimi nabaki na kuta za chumba changu.

Nikaitisha kikao cha dharura, bandani kwake. Mwalimu akakiri tulikosea mlango: wa kususwa ni gemu mpya, siyo Mama.

Tukakubaliana tucheze version ya zamani kwa bei ya zamani, na Mama asinunue mpya. Vijana wa banda la kule Zuzu walipopata habari, nao wakaisusa gemu mpya.

Wanasoka waliohama timu msimu huu tukawahamisha wenyewe kwa mkono ndani ya gemu ya zamani, jioni tatu, mwalimu anasoma majina kama anaita mahudhurio. Kuna beki mmoja tulimsahau, mpaka leo anachezea timu mbili.

Miezi ikapita. Juzi muuza gemu wa mjini, ambaye mwanzoni hata simu za Mama alikuwa hapokei, kampigia Mama mwenyewe. Kashusha bei, na yuko tayari kuileta mpaka Ihumwa.

Mama akaweka loudspeaker, akatutazama.

"Subiri niwaulize wanangu," akamwambia. "Walisusa."

 Nilijisikia waziri.

Najua mtasema gemu ikikaa hushuka bei tu. Inawezekana. Ila wahenga walisema ukisusa wenzio wala, na mimi nauliza, tukisusa wote, wa kula ni nani?

Tumemwambia muuzaji ashushe tena kidogo.

Haya, wa mikoa mingine mseme, kwenu mnasusa au mnalipa tu? Na anayejua namna ya kumfuta yule beki aniambie haraka, jana kanifunga mawili.