Ombi la Fundi Cherehani

Fundi cherehani huomba akiwa kazini, miguu juu ya pedali na pini nne zimebanwa midomoni, na kila afikapo mwisho wa mshono huzitoa ili amtaje mumewe vizuri. Hanong'oni. Mumewe, dereva mstaafu, hukaa chumba cha pili na gazeti lake, na kwa miaka kumi na mmoja amesikia habari zake zikipelekwa juu: "Baba, yule mtu wako bado yumo kitini. Leo kavaa soksi moja." Hapo mzee hujitazama miguuni. Kila Jumapili mama humpigia pasi shati jeupe, hulitundika mlangoni, kisha huenda kanisani peke yake. Akirudi hulikunja bila kununa, kama mtu ambaye mgeni wake amechelewa tu njiani. "Mama, huchoki?" mzee alimuuliza siku moja. "Nichoke vipi, na anayenisikiliza hajachoka?"

Jumapili iliyopita mzee alilivaa lile shati. Alijiambia anakwenda mara moja tu, apate kusoma gazeti kwa amani. Alipoingia, wimbo wa pili ukiendelea, mkewe hakupiga kigelegele; alisogea kwenye benchi na kupapasa mahali pa kukaa kwa vidole vyake vyenye alama za sindano. Mzee akakaa. Mama akainamisha kichwa, na sauti ile ile ya nyumbani ikaanza: "Baba, asante kwa huyu. Sasa tuje kwa dada yake, naye bado yumo kitini." Mzee akafumba macho, na yeye pia akaomba, kwa moyo wake wote. Alimwombea dada yake, maana alijua kinachomjia.