Kadi Iliyorudishwa Muleba

Ephrasia ana kanuni moja katika kazi yake: mkunjo uliokosewa haunyooshwi. Karatasi ikikunjwa vibaya hutupwa, ikachukuliwa nyingine. Alama ya mkunjo haifutiki, husema, na anayeificha anamdanganya atakayeipokea kadi.

Anaishi Miembeni, mjini Bukoba, nyuma ya duka la Muksini anayemuuzia karatasi za manila. Hutengeneza kadi za harusi, za komunio na za Idi, kwa rula ya chuma na kalamu iliyokwisha wino, ambayo huchora nayo mistari ya kukunjia. Inayopendwa zaidi ni ile ya jani la mgomba: mshipa katikati, mikunjo myembamba kushoto na kulia, na ukiifungua hutandazika kama jani lililokatwa sasa hivi.

Zamani alikunja pamoja na mdogo wake, Kokuberwa. Miaka kumi iliyopita waliletewa kazi ya kadi za harusi ya huko Kashozi. Kokuberwa alikosea sita, akazipiga pasi, akazichanganya na nzuri. Ephrasia aliziona mteja akiwa hapohapo, akazichana. Katika hilo alikuwa na haki. Lakini aliongeza neno: "Hata mkono wako ni mwongo." Kokuberwa alimchukua bintiye, Annastella, akahamia Muleba.

Tangu hapo, kila Krismasi Ephrasia alikunja jani la mgomba, akaandika ndani "Kokuberwa waitu", yaani wetu kwa Kihaya, na kalamu ikasimama papo hapo. Hakupeleka hata moja. Aliyekosa ndiye aanze, alisema. Muksini alimtania kwamba anazo kadi za kuisalimu Muleba nzima, ila hana ya mtu mmoja. Naye basi la Muleba likipita barabarani, aliweka rula chini mpaka mlio wake upotee.

Mwaka jana Rugambwa, konda wa basi hilo, alimletea bahasha. Ndani mlikuwa na kadi ya jani la mgomba, kazi ya mkono wa Kokuberwa mwenyewe, likimwalika kwenye sherehe ya kumuaga Annastella, aliyekuwa anaolewa. Ephrasia alilia. Kisha akaona: mkunjo wa tatu kushoto ulikuwa umenyooshwa na kukunjwa upya.

Alikaa na kadi hiyo siku mbili. Zamani, yeye na mdogo wake walipokuwa wakifanya kazi pamoja, mmoja akikosea, mwenzake alimrudishia karatasi mezani pamoja na nyingine ya mfano, bila kusema kitu, ili akunje upya. Ndivyo alivyofanya. Alikunja jani safi, akalitia katika bahasha pamoja na kadi ya mwaliko, ampe Rugambwa. Muksini aliuliza kuna nini humo, akaambiwa.

"Mama, kadi ya mwaliko hairudishwi. Ukiirudisha umekataa."

"Hiyo ni kwa watu. Huyu ni mdogo wangu."

"Basi andika hata mstari mmoja."

"Wa nini? Mkunjo atausoma."

Siku ya tatu baada ya Rugambwa kuichukua bahasha, ujumbe uliingia kwenye simu: "Nimeipata, dada. Nimeelewa." Ephrasia alimwonyesha Muksini kama mtu anayeonyesha cheti. Akashona kitenge kipya, akaanza kuingoja kadi irudi ikiwa imekunjwa vizuri. Kadi hukaguliwa mlangoni mwa ukumbi, na yeye, mtengeneza kadi, hakuweza kujifikiria akisimama mlangoni bila kadi.

Kadi haikuja. Jumamosi ya sherehe alivaa kitenge chake, akakaa nje ya chumba, akayahesabu mabasi ya Muleba hadi la mwisho likaondoka.

Jumatatu Rugambwa alimweleza aliyoyasikia huko. Kokuberwa alikuwa amewaambia wageni kwamba dada yake ameukataa mwaliko, na kiti cha mama mkubwa wa bibi harusi kikakaliwa na jirani. Ephrasia alipiga simu siku hiyo na siku nyingi baadaye. Haikupokelewa. Annastella alikwishamfuata mumewe Tunduma.

Wapo wanaosema kanuni yake ilikuwa ya kipuuzi. Mimi sikubali, kazi isiyo na kanuni ni takataka. Ila kanuni ya karatasi aliifanya kuwa ya damu yake, na mstari mmoja wa maneno akauona mzito kuuandika. Kutouandika kulimpotezea mdogo wake wa pekee, na mtoto aliyemwona mara ya mwisho akiwa na miaka kumi na miwili.