Kura ya Rafiki Yangu

Rafiki yangu anayetoka Chisenga alimupenda binti mumoja wa kuchorwa, anayecheza geimu mtandaoni watu wakimutazama; sura ya kweli ya mwenye kumuchezesha hakuna mutu anayeijua. Mimi nilishabikia binti mwingine wa kuchorwa, mupinzani wa huyo. Siku ya kupigia kura tuzo ya mabinti hao, aliniachia simu yake akaenda kupakia samaki kwenye boti. Nikatumia kura yake kwa binti niliyemushabikia mimi, kisha aliporudi nikamuonyesha huku nikicheka kama fisi.

Binti wangu akashinda. Sisi mashabiki wake tukamutukana yule wa rafiki yangu mpaka akafunga chaneli yake.

«Ndugu, ilikuwa mchezo tu,» nikamwambia rafiki.

«Mchezo? Yeye tu ndiye alikuwa ananichekesha. Wewe hunichekeshi tena.»

Darasani amehamia benchi ya mbele. Nimemutumia vichekesho vyote ninavyojua. Hajafungua hata kimoja.