Kompyuta ya Madrasa na Mkono wa Kwanza

Kompyuta ya madrasa yetu hapa Newala hutumia mfumo wa Linux. Mwalimu wa sekondari aliyetuwekea alisema haudai malipo, nasi hilo lilitutosha. Kwa muda mrefu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka ya msimamizi. Sisi tuliandika na kusoma tu. Kikija kifaa kipya, tulimngoja yeye. Alipopata uhamisho wa kwenda mbali, nilimwomba mamlaka hayo atupe sote tunaofundisha.

"Ni mamlaka kamili, Sheikh," alinionya. "Amri moja ya makosa inaweza kufuta kila kitu."

Nikamkumbusha tangi la maji la msikiti, lilipokuwa na ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo akienda msibani, watu walitayamamu kwa udongo na tangi limejaa. Akacheka, akatuingiza wote kwenye kundi la wasimamizi, kila mtu na nenosiri lake. Nikadhani yamekwisha.

Kisha dada yangu mkubwa akajaliwa safari ya Hija. Macho yake ni hafifu, akaomba dua zake zichapwe kwa herufi kubwa, maana hakutaka kufika kule halafu asomewe na mtu mwingine. Basi lilikuwa la alfajiri. Siku moja kabla, nikiwa mazikoni Lisekese, kule Masasi, ustadhi wetu mmoja akanipigia.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Dua zimetoka?"

"Bado. Printa ni mpya, na kompyuta haiikubali mpaka itiwe nenosiri la msimamizi."

"Si unalo?"

"Ninalo. Sote tunalo."

"Sasa?"

"Wewe hujatangulia, Sheikh. Tangu tupewe, hujalitumia hata mara moja."

Nikaelewa. Kwetu hakuna atiaye mkono kwenye sinia kabla ya mkubwa, na mimi sinia hili nilikuwa sijaligusa. Watu wazima walikuwa wamelizunguka tangu asubuhi, wananingoja.

Dada yangu, aliyekuwa pale akingoja dua zake, akamnyang'anya simu. "Wewe mdogo wangu, adabu uliyowafundisha imekuwa kufuli. Waambie wale, mimi nina safari."

"Mrudishie simu," nikasema. Aliporudi ustadhi, nikamwambia, "Bismillahi, mwanangu. Anzeni. Na kesho msiningoje tena."

Sikukata simu. Nilisikia vibonye, kompyuta ikakawia, nikamsikia dada akiuliza kama kompyuta nayo inasubiri mboga iive, kisha printa ikaanza kukoroma. Pale mkekani, kati ya wafiwa, nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Asubuhi nilimngoja dada stendi ya Masasi. Basi la Newala lilipoingia, alinyoosha kijitabu dirishani, herufi nene kama korosho. Miwani ilikuwa mkobani. Akaisoma dua ya safari mwanzo hadi mwisho, taratibu, na waliokaa karibu naye wakaitikia amina.